Maswali ya Wasomaji: Vitabu vya Mtoto Anayefungua Kila Kitu

SWALI: Mpendwa mshauri, mwanangu ana umri wa miaka tisa na mikono yake haitulii. Mwezi uliopita alifungua saa ya kengele ya babu yake mpaka springi ikaruka, tukabaki na mfuko wa vipande. Kabla ya hapo ilikuwa tochi, kufuli na kalamu zote za nyumbani. Kusoma anajua, na mwalimu wake hana lalamiko juu ya hilo, lakini vitabu vya hadithi ninavyomletea hafikishi ukurasa wa kumi. Nilidhani nimepata dawa nilipomnunulia kitabu kikubwa cha mashine, chenye picha za rangi za ndege, meli na roboti. Alikipekua jioni moja, akakirudisha rafuni, na kesho yake nikamkuta ameshika bisibisi tena. Je, nimtafutie vitabu vya namna gani? Au nikubali tu kwamba huyu si mtoto wa vitabu? Mama wa fundi mdogo.

JIBU: Mama mpendwa, naomba tuanze na kile kitabu kilichorudishwa rafuni, kwa maana kinatueleza mengi kuhusu mwanao kuliko hadithi zote alizoziacha njiani. Mtoto hakukikataa kwa sababu ni kitabu. Alikikataa kwa sababu hakikujibu swali lake. Vitabu vingi vinavyouzwa kwa jina la mashine ni vitabu vya sifa: vinataja ndege ipi ni kubwa kuliko zote, treni ipi ina mbio kuliko nyingine na roboti ipi ina sura ya kutisha, na picha zake karibu zote zimepigwa kutoka nje. Mtoto anayefungua kufuli hahitaji kuonyeshwa kufuli kwa nje. Nje anakujua. Kinachomsumbua ni kilichojificha ndani, na kipande kipi kinamsukuma mwenzake hata ufunguo huu ufungue na ule ukatae, na swali hilo halijibiwi kwa rangi nzuri.

Kuna kipimo ambacho si lazima uwe fundi ili ukitumie. Fungua kitabu popote, soma ukurasa mmoja kwa sauti, kisha usikilize vitenzi. Ukisikia husukuma, huzuia, hufyatua, hubana, huachia, hugeuza, basi kuna kitu kinachotendeka katika ukurasa ule na mtoto atakuwa na cha kufuatilia. Ukisikia tu kubwa mno, ya ajabu, ya kisasa kabisa, basi umeshika kitabu cha sifa, na hatima yake ni rafuni, kama ulivyoona.

Tuichukue hiyo hiyo saa ya babu. Ndani yake springi iliyoviringwa inataka kujikunjua yote kwa mara moja, na ikiachiwa hufanya hivyo ndani ya muda mfupi sana, kama ilivyofanya mikononi mwa mwanao. Kinachoizuia ni gurudumu dogo lenye meno yaliyochongoka na kipande chenye umbo la nanga kinachocheza huku na huku mbele yake: kila kinapocheza huliachia jino moja lipite, kisha hulikamata linalofuata, na ule mlio wa tiki tunaousikia usiku ni jino likiigonga nanga na kusimamishwa. Nguvu iliyokuwa tayari kuruka imegawanywa katika hatua ndogo zilizo sawa, na kuzihesabu hatua hizo ndiko kupima wakati. Ukurasa ukieleza hivyo, ukaweka pembeni mchoro wa gurudumu na nanga katika hatua tatu au nne mfululizo, mtoto wa miaka tisa ataukalia muda mrefu bila kuambiwa, tena ataelewa ni kwa nini springi iliruka, jambo ambalo karipio haliwezi kumweleza.

Kwa hiyo michoro ndiyo ya kukaguliwa kwanza, hata kabla ya maandishi. Picha ya kamera, japo ni ya kweli, huonyesha kila kitu kwa uzito uleule, vumbi na kivuli vikiwa na heshima sawa na gia. Mchoraji anayeielewa mashine huacha yasiyohusika na kukupeleka macho mahali panapofanya kazi. Michoro miwili ina manufaa ya pekee kwa mtoto wa aina hii. Wa kwanza ni ule unaoonyesha kifaa kana kwamba kimekatwa katikati kwa msumeno, ili kinachotokea ndani kionekane kikiwa mahali pake. Wa pili ni ule unaotawanya vipande hewani, kila kimoja kikiwa kimesogezwa kidogo kutoka kwa jirani yake kwa kufuata mpangilio wa kufungwa, nati baada ya washa (ile pete bapa ya chuma), washa baada ya springi. Mtoto aliyewahi kubaki na mfuko wa vipande huutazama mchoro huu wa pili kama msafiri aliyepotea anavyotazama ramani, na mara nyingi ndio unaomfundisha tabia ya kupanga vipande mezani kwa mstari anapofungua, badala ya kuvimwaga.

Hata hivyo mchoro unaopendeza macho waweza kuwa wa uongo, na hapa nakupa mtihani wa kubeba kichwani. Gia mbili zilizong'atana huzunguka kwa kupingana: moja ikienda kulia, mwenzake huenda kushoto. Ukiongeza ya tatu na kuipachika ing'atane na zote mbili kwa wakati mmoja, zote tatu zinakwama, kwa sababu kila moja inadaiwa na jirani huyu izunguke huku na jirani yule izunguke kule. Pamoja na hayo, gia tatu zilizokumbatiana kwa umbo la pembetatu ni pambo linalopendwa mno na wachoraji wa majalada, hata ya vitabu vya ufundi, na siku hizi mimi hulitafuta kabla sijasoma jina la kitabu. Mtihani mwingine ni baiskeli. Angalia cheni inapokwenda. Mchoraji asiyewahi kuitazama baiskeli kwa makini huweza kuiunganisha na gurudumu la mbele pia, na baiskeli kama hiyo, ukifikiri kidogo, usukani wake usingeweza kukata kona.

Sisemi kwamba kitabu chenye kosa moja kitupwe. Mtoto akiligundua kosa mwenyewe, akakimbia kukuonyesha huku amekasirika, kitabu kimemfanyia kazi kubwa kuliko alivyokusudia mwandishi. Ninachosema ni kwamba kitabu kilichojaa makosa ya namna hiyo kimeandikwa na watu wasiojali, na mtoto anayejali atawatambua.

Baada ya michoro, tafuta hesabu zinazoweza kuhakikishwa. Kitabu kinachosema kwamba gia za baiskeli hurahisisha safari hakijasema kitu. Kitabu kinachomwambia msomaji ahesabu meno ya gia iliyopo kwenye pedali na meno ya ile iliyopo kwenye gurudumu la nyuma kimempa kazi ya kweli. Tuseme mbele kuna meno 44 na nyuma kuna 16: kila mzunguko mmoja wa pedali utalizungusha gurudumu mara 2.75, na gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 66, ambalo mzingo wake ni karibu sentimita 207, litasogea kiasi cha mita 5.7. Mtoto anaweza kutia alama ya chaki kwenye tairi na nyingine chini, akaisukuma baiskeli taratibu huku pedali ikifuatishwa mzunguko mmoja kamili, kisha akapima. Akipata mita 5.6 au 5.8, atataka kujua tofauti imetoka wapi, na hapo mtakuwa mmeingia katika somo la vipimo bila mtu yeyote kutamka kwamba sasa ni wakati wa somo.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalolishikilia kuliko mengine yote katika barua hii: kitabu cha mtoto wa bisibisi ni kile kinachokubali kujaribiwa. Kijana Michael Faraday, aliyezaliwa mwaka 1791 katika familia maskini ya mhunzi, alianza kujifunza kazi ya kujalidi vitabu mjini London mwaka 1805, na alikuwa akivisoma vile alivyopewa kuvijalidi, ikiwemo makala ya umeme katika ensaiklopidia. Hakuishia kusoma. Kwa senti chache alizokuwa nazo alitengeneza vifaa vidogo vya majaribio aone kama yaliyoandikwa ni kweli, na baadaye maishani alieleza kwamba kukuta maneno ya kitabu yanakubaliana na majaribio yake ndiko kulikompa msingi wa kushikilia. Mwanao anapofungua tochi na kitabu kikiwa wazi pembeni yake, anafanya jambo hilohilo kwa kiwango chake. Basi ukiwa na kitabu mkononi, jiulize kama kuna walau kurasa chache ambazo mtoto anaweza kuzihakikisha kwa vitu vilivyomo nyumbani: betri ndogo ya volti 1.5, balbu, waya, rula, kamba, kopo tupu. Kama kila jaribio linadai sanduku maalumu la vifaa linalouzwa peke yake, mwandishi alikuwa akifikiria mauzo.

Kuhusu upana na kina, ushauri wangu unaelekea upande mmoja waziwazi. Kitabu chenye mashine mia mbili, kila moja ikipewa robo ukurasa, hufaa kama dirisha la kuchungulia. Ukiwa nacho kimoja kinatosha. Kinachofuata kiwe kitabu kuhusu kitu kimoja: baiskeli peke yake, saa peke yake, madaraja, injini ya pistoni. Mtoto wa namna hii ana uvumilivu ambao hatuuoni kwa sababu hauelekei tunakotaka sisi, na kitabu cha kitu kimoja huuheshimu uvumilivu huo. Tena usiogope kwamba kimeandikiwa watu wazima. Nimewaona watoto wa miaka kumi wakisoma mwongozo wa matengenezo ya pikipiki, ule wenye madoa ya grisi na namba za vipuri, kwa umakini ambao hawakuwahi kuupa kitabu chochote chenye jalada la kuchekesha. Walielewa nusu yake, na nusu hiyo waliielewa kabisa. Miongozo ya zamani ya cherehani, redio au pampu ya maji, ambayo wengi wetu huitupa pamoja na boksi, ni maktaba ya bure.

Kuna na mambo ya kitabu chenyewe kama chombo. Kikiwekwa mezani, je, hukaa wazi bila kushikwa, au hujifunga kila mtoto anapotaka kutumia mikono miwili? Karatasi zake zinakubali penseli? Kitabu cha kifahari ambacho mtoto ameonywa asikichafue hakitawahi kufika mahali palipo na kazi, na mtoto naye atakuwa huko.

Hatari zisemwe kwa jina. Kitabu kinachohimiza watoto kufungua vifaa bila kutaja kwamba televisheni za kioo cha zamani na tanuri za mikrowevu huweza kuhifadhi umeme wa kuua ndani ya kapasita hata baada ya kuchomolewa ukutani, au kwamba betri ya simu ikitobolewa inaweza kuwaka moto, kisinunuliwe hata kama michoro yake ni safi. Vilevile kiwe kikali kuhusu springi zilizobanwa, somo ambalo nyumba yenu tayari inalo. Wazazi wengine hudhani maonyo yatamtisha mtoto aache. Kwa uzoefu wangu onyo lenye sababu humvutia mtoto wa aina hii, kwa kuwa naye anataka kujua umeme unakaaje mahali pasipo na waya wa ukutani.

Kuhusu swali lako la mwisho, kama huyu si mtoto wa vitabu, sioni ushahidi wowote katika barua yako. Ninakusihi jambo moja tu: usifanye kitabu kuwa malipo ya bisibisi, kwamba asome kurasa kumi ndipo aruhusiwe kufungua redio mbovu. Ukifanya hivyo, umemfundisha kwamba viwili hivyo ni maadui. Mpe mwongozo na redio mbovu kwa pamoja, kwenye meza moja, na ukae karibu.

SWALI: Mimi ni babu wa binti wa miaka kumi na miwili ambaye hutengeneza kila kinachoharibika nyumbani, kuanzia pasi hadi mkoba wenye zipu mbovu. Siku yake ya kuzaliwa inakaribia na nilitaka kumpa vitabu vya ufundi, lakini wanangu wananiambia vitabu hivyo ni vya wavulana, na kwamba kama ni lazima, basi nimpe vile vya wavumbuzi mashuhuri, angalau apate maadili. Mshauri, nisikilize nani? Babu mwenye mjukuu fundi.

JIBU: Babu mheshimiwa, shikamoo. Umsikilize mjukuu wako, ambaye amekwisha kujibu kwa ile pasi.

Nilimtaja Faraday hapo juu, nami nikaacha kwa makusudi jina la kitabu kingine alichokisoma akiwa kwa mjalidi, kwa sababu nilitaka kukihifadhi kwa ajili yako. Kilikuwa kitabu cha kemia cha Jane Marcet, mwanamke aliyekiandika mwanzoni mwa karne ya 19 kwa kuwafikiria hasa wasomaji wa kike, na kimepangwa kama mazungumzo kati ya mwalimu wa kike na wasichana wawili, mmoja mtulivu na mwingine mwenye haraka ya kuuliza. Kitabu kilichokusudiwa wasichana ndicho kilichosaidia kumfanya mvulana wa karakana ya vitabu awe mwanasayansi, yule ambaye mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku inayosogea karibu na waya inaweza kuzalisha umeme. Kwa hiyo wanao wakikuambia kwamba kitabu kina jinsia, waulize Faraday alikuwa nani. Jambo la kuangalia ni dogo na liko wazi: pekua michoro uone ni mikono ya nani inayoshika spana. Ikiwa kila anayetengeneza ni mvulana na kila anayemshikia taa ni msichana, mjukuu wako ataliona hilo kabla yako. Epuka pia vitabu vya ufundi vilivyopakwa rangi ya waridi, ambavyo mara nyingi vimepunguziwa maelezo kana kwamba rangi inakula nafasi.

Ama kuhusu vitabu vya wavumbuzi, wanao hawajakosea sana, ila umakini unahitajika kuliko wanavyodhani. Habari za wavumbuzi zimejaa visa vya mwanga ulioshuka ghafla, na visa hivyo humnyima mtoto fundi kile anachokihitaji zaidi. Mfano unaojulikana ni wa James Watt, ambaye vitabu vingi vya watoto humwonyesha akiwa mdogo, akitazama mfuniko wa birika ukirushwa na mvuke, kisha anabuni injini ya mvuke. Injini za mvuke zilikuwepo kabla hajazaliwa. Ya Thomas Newcomen ilikuwa ikifanya kazi ya kuvuta maji migodini tangu mwaka 1712. Kilichotokea ni kwamba katika majira ya baridi ya 1763 hadi 1764, Watt, akiwa fundi wa vifaa katika Chuo Kikuu cha Glasgow, aliletewa modeli ndogo ya injini ya Newcomen aitengeneze. Aliitengeneza, lakini ikawa inapiga mapigo machache tu kisha inaishiwa mvuke, naye hakuridhika mpaka ajue ni kwa nini. Aligundua kwamba silinda ileile ilikuwa ikipashwa moto na mvuke, kisha ikipozwa kwa maji, kisha ikipashwa moto upya, pigo baada ya pigo, na sehemu kubwa ya mvuke ikawa inaliwa na kulipasha moto lile chuma. Mwaka 1765 akapata wazo la kuupeleka mvuke ukapozwe katika chombo cha pembeni, ili silinda ibaki na moto wake.

Linganisha visa hivyo viwili kwa macho ya mjukuu wako. Katika cha kwanza kuna mtoto wa ajabu na birika. Katika cha pili kuna mtu aliyeletewa kitu kibovu, akakitengeneza, akaona hakijakaa sawa, akauliza swali moja zaidi. Cha pili ni maisha yake yeye na ile pasi. Kitabu cha wavumbuzi kinachosimulia kwa namna ya pili ndicho cha kumpa, na alama yake ni kwamba ndani yake mambo huharibika, fedha huisha, na mwandishi haoni aibu kueleza kilichoshindikana.

Kama unatafuta kisa cha mwanamke ambacho hakikutiwa chumvi ili kiwepo, tafuta kitabu kinachoeleza safari ya Bertha Benz ya mwaka 1888. Bila kumuaga mumewe, Karl Benz, alilichukua gari alilolibuni mumewe huyo, akafuatana na wanawe wawili wa kiume, akasafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, wakati ambapo hapakuwa na kituo hata kimoja cha mafuta duniani. Mafuta aliyanunua katika duka la dawa. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia, na breki za mbao zilipolika alimwomba fundi viatu azigongomee ngozi. Angalia kama kitabu kinayataja hayo ya pini na ngozi. Kikiishia kusema kwamba alikuwa jasiri, kirudishe.

SWALI: Mwanangu wa miaka kumi na mmoja anapenda mambo ya umeme na upepo, lakini vitabu vizuri tunavyovipata karibu vyote ni vya Kiingereza, na Kiingereza chake bado ni cha kuungaunga. Nisubiri mpaka akijue, au nimnunulie hivyohivyo? Baba anayesitasita.

JIBU: Usisubiri. Kijana wa Malawi, William Kamkwamba, alikuwa na miaka kumi na minne alipolazimika kuacha shule kwa kukosa karo katika kipindi cha njaa ya mwaka 2001 na 2002. Alikuwa akienda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, na huko akakutana na kitabu cha shule cha Kimarekani kuhusu nishati, ambacho jalada lake lilikuwa na picha ya vinu vya upepo. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga kama cha mwanao. Alisoma kwa kuanzia michoro: akiona mchoro una namba fulani, alitafuta namba hiyo katika maandishi, kisha akayashughulikia maneno yaliyoizunguka, mengine akiyatafuta katika kamusi na mengine akiuliza. Kitabu hakikuwa na maelekezo ya kujenga kinu. Alichokijenga kilitokana na fremu ya baiskeli, feni ya trekta, mabomba ya plastiki aliyoyapasha moto na kuyabapaza yawe mapanga, na dinamo ya baiskeli, ambayo hufanya kazi kwa lilelile jambo alilolivumbua Faraday mwaka 1831. Taa ikawaka.

Kwa hiyo unapochagua kitabu cha lugha ya kigeni, kagua kama michoro yake ina namba, kama kila sehemu imeandikwa jina kwa mstari unaoigusa, na kama maandishi yanarejea namba hizo. Kitabu chenye picha nzuri zilizomwagwa ukurasani bila namba hakifai kwa msomaji anayeungaunga, hata kama kinamfaa anayejua lugha, kwa sababu hakina mlango wa kuingilia.

Mpe na daftari. Upande mmoja achore kipande, upande wa pili aandike jina lake la kitabuni, na chini yake jina analolitumia fundi, kwa sababu hayo mara nyingi hayalingani: kitabu cha fizikia kitamwambia wenzo na fundi atamwambia mtaimbo; kimoja kitasema parafujo na mwingine skrubu; kapi kwa huyu ni roda kwa yule, na wote wako sahihi. Yale ambayo hayana jina analolijua ayachore tu na kuyaachia nafasi. Siku mkipita kwa mtu anayetengeneza vitu, achukue daftari hilo, aombe ruhusa, aulize. Mtu mwenye kazi yake hukubali kwa urahisi kumjibu mtoto aliyekuja na mchoro, na mara nyingi humwonyesha kitu chenyewe.

Kama una uwezo wa kununua kitabu kimoja tu, na mbele yako kuna cha Kiswahili chenye sifa tupu na cha Kiingereza chenye michoro yenye namba, chukua cha Kiingereza. Kama cha Kiswahili kina michoro hiyo, chukua hicho bila kuuliza mara mbili, na uandikie wachapishaji wake kuwaambia kwamba umekinunua na kwamba unahitaji kingine.